Susanna Wesley, Mama wa Watoto 19

Somo: Mithali 31:10-31, 2 Timotheo 1:5

Juma hili hatuna mahubiri ya kawaida kwenye kijitabu chetu. Nimeombwa niandike maisha ya Susanna Wesley, na nimekubali kwa sababu nina deni.

Nieleze deni lenyewe. Kila mwaka Jumapili ya akina mama ikifika, lazima pasta fulani amtaje Susanna, na mimi nimo. Kuna mwaka nilisimama hapa madhabahuni nikasema mama akiomba kama Susanna, watoto wake watasimama kama John na Charles Wesley. Watu wakapiga makofi, wengine wakainuka. Baada ya ibada mama mmoja alinisubiri pale nje karibu na tangi la maji. Amezaa saba, amewaombea wote, amefunga kwa ajili yao wote. Wawili wako ndani ya Bwana. Waliobaki, tuseme tu kwamba mama halali usingizi. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: hao watoto 19 wa Susanna, wote walitoka sawa? Nikatafuta maneno nikakosa, manake sikuwa nimesoma kufika hapo. Nilikuwa nimesoma mpaka kwa John na Charles nikafunga kitabu.

Basi nikarudi nikasoma. Haya ndiyo majibu yake, na kama uko kwenye hali kama yake, ni yako pia.

Susanna alizaliwa London mwezi wa Januari 1669, kitindamimba katika nyumba ya watoto 25. Usifikiri ni makosa ya uchapaji. Baba yake, Dkt. Samuel Annesley, alikuwa mhubiri wa wale walioitwa Wapyuritani. Mwaka 1662 serikali ilitaka kila mhubiri akubali kitabu kimoja cha ibada, na waliokataa, karibu 2,000, wakaondolewa kwenye makanisa yao. Annesley alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo Susanna alikulia katika nyumba ambayo imani ilikuwa imeigharimu, nyumba ambayo watu walisoma na kubishana juu ya walichosoma. Wasichana wengi wa wakati ule walifundishwa kushona na basi. Yeye alisoma theolojia. Kabla hajatimiza miaka 13 alikuwa ameshapima hoja za pande zote mbili na kuamua, peke yake, kurudi katika Kanisa la Anglikana, lile lile lililomwondoa baba yake. Mzee hakumtenga kwa ajili hiyo. Weka hilo akilini, tutalihitaji huko mbele.

Mwaka 1688, akiwa na miaka 19, aliolewa na Samuel Wesley, kasisi kijana wa Anglikana ambaye naye alikuwa amezaliwa upande ule wa waliokataa. Samuel alikuwa mcha Mungu, msomi, mwandishi wa mashairi, lakini pesa na yeye hawakuelewana hata siku moja. Pia alikuwa na shingo ngumu. Bahati mbaya, au bahati nzuri, mke wake naye alikuwa nayo. Baada ya miaka michache katika kijiji cha South Ormsby walihamia Epworth, mji mdogo katika jimbo la Lincolnshire, nchi tambarare yenye kinamasi pande zote. Wakakaa huko karibu miaka 40.

Kati ya 1690 na 1709 Susanna alijifungua watoto 19, mapacha wakiwemo. Tisa walikufa wakiwa wachanga. Sisi tunasoma hiyo namba tisa haraka tukapita. Hebu simama kwa mmoja tu, aliyekufa mwaka 1705. Ulikuwa wakati wa uchaguzi, na Samuel alikuwa amemuunga mkono mgombea ambaye watu wa pale hawakumtaka. Sisi Wakenya tunajua mambo hayo yanaweza kufika wapi. Usiku mmoja kundi la watu lilipiga kelele na ngoma na kufyatua bunduki chini ya dirisha la chumba alicholala Susanna, ambaye hakuwa amemaliza wiki tatu tangu ajifungue. Mtoto alikuwa kwa yaya, nyumba ya ng'ambo ya njia. Yaya hakupata usingizi mpaka usiku wa manane, na usingizi ulipomshika ulikuwa mzito. Akamlalia mtoto. Alipoamka na kuona mtoto amekufa, alimchukua mbio akawarushia watumishi mikononi, na watumishi nao, wakiwa wamechanganyikiwa, wakapanda naye juu wakamwekea mama yake mikononi kabla hajaamka vizuri.

Mwaka huo huo, wiki chache tu baadaye, Samuel alikamatwa na kufungwa gerezani Lincoln kwa deni lisilofika pauni 30. Alikaa ndani miezi kama mitatu. Susanna hakuwa na pesa ya kumpelekea, kwa hiyo alimtumia pete zake auze. Samuel akazirudisha. Huku nyumbani maadui zao walikuja usiku wakawachoma ng'ombe wao visu, ile familia ikakosa hata maziwa. Askofu mkuu wa York, aliyewasaidia, alimuuliza Susanna kama imewahi kutokea wakakosa kabisa mkate. Alimjibu kwamba kukosa kabisa hapana, ila taabu ya kuutafuta kabla ya kuula, na taabu ya kuulipia baada ya kuula, ilikuwa imeufanya uwe mchungu. Ninyi mnaochukua unga dukani kwa mkopo mwezi wa Januari, na karo ya shule haijalipwa, huyo ni mwenzenu.

Tena kulikuwa na ugomvi wa ndani. Huu sikuwahi kuuhubiri, na nadhani wahubiri wengi huupita. Jioni moja, miaka mitatu hivi kabla ya hayo, Samuel alikuwa akiongoza maombi ya familia akamwombea Mfalme William. Wote wakaitika Amina isipokuwa mke wake. Baadaye akamwita amuulize. Susanna akamwambia wazi kwamba kwa dhamiri yake William si mfalme halali, ni mtu aliyechukua kiti cha mwingine. Kasisi akapiga magoti akaapa kwamba hatalala kitanda kimoja naye mpaka aombe msamaha kwa Mungu na kwake. Susanna alisema angeomba msamaha kama angejua amekosa, lakini kuomba kwa mdomo tu huku moyo unasema vingine ingekuwa ni kusema uongo mbele za Mungu. Samuel akafunga safari, akamwacha na watoto. Ndiyo, kasisi. Mfalme William alifariki Machi 1702. Mwaka huo huo moto uliunguza sehemu kubwa ya nyumba, na katika shida hiyo mzee akarudi. Juni 1703 akazaliwa mtoto wa kiume, wakamwita John. Yaani yule John Wesley tunayemtangaza ni mtoto wa kupatana.

Sasa tuje kwa jambo ambalo limemfanya Susanna ajulikane, malezi. Shule alifungua mwenyewe mle nyumbani. Mtoto akitimiza miaka mitano, kesho yake anaanza. Siku hiyo nyumba inapangwa mapema, kila mtu anapewa kazi yake, na hakuna anayeruhusiwa kuingia chumba cha masomo. Mtoto anapewa siku moja ajue herufi zote. Wengi walizijua. Wasichana wawili, Molly na Nancy, walichukua siku moja na nusu, na mama akawaona wazito wa akili. Miaka ilivyopita aliona jinsi watoto wa watu wengine wanavyochukua wiki na wiki, akakiri kwamba aliwaonea. Baada ya herufi, hakukuwa na kitabu cha hadithi. Mtoto alifunguliwa Mwanzo sura ya kwanza akaanza kuunganisha maneno ya mstari wa kwanza mpaka ausome bila kusita. Masomo yalianza saa 3 asubuhi mpaka saa 6, halafu saa 8 mpaka saa 11 jioni, siku sita za wiki, kwa miaka 20 hivi. Na hakuna msichana aliyewekwa kwenye kazi ya kushona kabla hajajua kusoma vizuri. Mwaka 1700 na kitu! Kuna nyumba leo, na nazijua, ambako karo ikipungua anayebaki nyumbani ni msichana.

Alikuwa mkali. Aliamini mapenzi ya mtoto lazima yavunjwe mapema, na watoto wake walijua kulia polepole kabla ya kufika mwaka mmoja kwa kuogopa fimbo. Sitawaambia muige hilo, na sheria yetu ya leo ingekuwa na maneno nalo. Lakini angalieni sheria zake nyingine. Mtoto akikiri kosa mwenyewe na kuahidi kubadilika, hapigwi. Aliona kwamba woga wa kuchapwa ndio unaowafundisha watoto uongo. Kosa likishaadhibiwa, halitajwi tena. Mtoto akijaribu kufanya jambo jema kwa nia njema, hata akiliharibu, anapokelewa kwa upole na kuonyeshwa njia. John alisimulia kwamba siku moja baba yake alikaa akimtazama mama akimweleza mtoto mmoja jambo lile lile mara 20. Mzee akashangaa anaitoa wapi subira hiyo. Mama akamwambia kwamba angeishia mara ya 19, kazi yote ingekuwa bure, manake ni ile ya 20 iliyoingia.

Mtu atauliza, aliomba saa ngapi? Kwenye mimbari zetu inasimuliwa sana ile hadithi ya aproni, kwamba alikuwa akijifunika nayo kichwa jikoni na watoto wakajua mama yuko kwa Mungu. Ni hadithi tamu, lakini mimi napenda zaidi daftari zake, ambazo aliandika kwa mkono wake mwenyewe na zipo mpaka leo. Humo anaonekana akijitenga asubuhi, adhuhuri na jioni, saa ikifika anaacha kazi. Anaandika kama mtu anayejipima: hapa nimekasirika bure, hapa nimeongea zaidi ya inavyofaa. Si maombi ya kelele. Ni mwanamke aliyechoka anayejadiliana na nafsi yake mbele za Mungu.

Usiku wa Februari 9, 1709, nyumba ikaungua tena, safari hii yote. Susanna alikuwa mja mzito wa mtoto wake wa mwisho, karibu kujifungua. Hakuweza kupita dirishani kama wengine. Alijaribu kupita mlangoni katikati ya moto, akarudishwa, akajaribu tena, mpaka akapenya akiwa ameungua mikono na uso. Yaya alimtoa Charles, mtoto wa mwaka mmoja na kitu, akawaita wengine wamfuate. John, aliyekuwa na miaka mitano, hakusikia. Alipoamka ngazi zilikuwa zinawaka. Baba yake alijaribu kupanda akashindwa, akapiga magoti akamkabidhi mtoto kwa Mungu. John akapanda juu ya sanduku karibu na dirisha, watu nje wakamwona. Kutafuta ngazi kungechelewesha, kwa hiyo mtu mmoja akasimama mabegani mwa mwenzake wakamvuta nje, na papo hapo paa likaanguka ndani.

Vitabu vyote viliungua, na maandishi yote. Watoto wakatawanywa kwenye nyumba za watu mpaka nyumba nyingine ya matofali ijengwe. Waliporudi, Susanna aliona kwamba kazi ya miaka mingi ilikuwa imeharibika. Walikuwa wamejifunza lugha chafu, na Sabato ilikuwa imesahaulika. Mama yeyote ambaye amewahi kuacha watoto kwa jamaa kwa sababu ya shida anajua uchungu huo. Hakuketi kulia. Akaanza upya kutoka mwanzo, na kwa kuwa vitabu vilikuwa vimeungua, akaandika vyake mwenyewe: maelezo marefu juu ya Imani ya Mitume, aliyomwandikia binti yake Sukey, na mengine juu ya Amri Kumi.

Ni wakati huo pia alipoanza ule utaratibu ambao kwangu mimi ndio moyo wa habari zake zote. Binti yake Emily alipata kwenye chumba cha vitabu cha baba habari za wamishonari wawili waliotumwa na mfalme wa Denmark kwenda Tranquebar, India. Susanna akasomewa, na kwa siku kadhaa hakuweza kufikiria kitu kingine. Angetamani kufanya jambo kwa ajili ya Mungu, lakini alikuwa mwanamke, mke wa kasisi mwenye madeni, na nyumba imejaa watoto. India asingefika. Basi akaamua kuanzia na hao waliokuwa mezani pake. Kila mtoto akapewa jioni yake, akae na mama faraghani, aseme yaliyo moyoni. Jumatatu ilikuwa ya Molly, Jumanne Hetty, Jumatano Nancy, Alhamisi John, Ijumaa Patty, Jumamosi Charles, na Jumapili Emily na Sukey. Samuel, kifungua mimba, alikuwa mbali masomoni, huyo alimwandikia barua. Kezia alikuwa bado mtoto mdogo.

Katika nyumba ya watu kumi na zaidi, mtoto mmoja kupata mama peke yake ni nadra kuliko nyama. Miaka 20 baadaye John alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Oxford, mtu wa Kigiriki na Kilatini, akamwandikia mama yake barua mwaka 1732 kumwomba kama angeweza bado kumtengea ile sehemu ndogo ya Alhamisi jioni, amwombee na kumfikiria kama zamani. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda.

Majira ya baridi ya 1711 kuingia 1712 Samuel alikuwa London kwenye mkutano wa makasisi, na ibada ya jioni aliachiwa kasisi msaidizi ambaye mahubiri yake hayakuwashibisha watu. Susanna akaanza kuwasomea watoto na watumishi hotuba na maombi pale jikoni Jumapili jioni. Kijana mmoja mtumishi akawaambia wazazi wake, nao wakaomba kuja. Wengine wakafuata. Walianza 30, wakawa 40, mpaka wakapita 200, wengine wakarudi kwa kukosa hata pa kusimama. Kasisi msaidizi akaandika mashtaka London: mwanamke anaongoza mkutano. Samuel akamwandikia mkewe aache, au angalau atafute mwanamume awasomee. Susanna akajibu kwamba kati ya wanaume wanaokuja hakuna awezaye kusoma hotuba bila kuiharibu nusu. Akaongeza kwamba majirani ambao hawakuwa wakienda kanisani sasa wanaenda. Halafu akamaliza hivi: kama mume anaona ni lazima mkutano ufe, asimwombe, bali amwamuru waziwazi, ili siku ya hukumu lawama ya roho hizo isiwe juu yake. Samuel hakuamuru. John na Charles walikuwa wameketi mle jikoni wakiona yote.

Sasa swali la yule mama. Wote walitoka sawa?

Hapana. Wana walisoma, wakawa makasisi wawili na mwalimu wa shule aliyekuwa kasisi pia. Mabinti, ambao alikuwa amewapa elimu kuliko karibu wasichana wote wa nchi ile, walibaki kijijini bila mahari na bila wachumba wa kufaa. Emily alifanya kazi ya kufundisha kwa watu miaka mingi, akaolewa akiwa mtu mzima na mwuza dawa ambaye alikula jasho lake. Sukey aliolewa na mtu mkali, mwishowe akamkimbia. Molly, ambaye alikuwa kilema tangu utotoni, alipata mume mwema akafa wakati wa uzazi mwaka 1734. Patty, jina lake kamili Martha, aliolewa na kasisi aitwaye Westley Hall, ambaye alikuwa amemchumbia yeye kwa siri kisha akamchumbia mdogo wake Kezia wazi. Hall baadaye alimdhalilisha kwa wanawake wengine na kumwacha. Kezia hakuolewa, alikufa mwaka 1741.

Na Hetty. Huyu alikuwa mwenye akili kuliko wote. Akiwa na miaka minane alisoma Agano Jipya kwa Kigiriki. Mtoto wa Jumanne. Mwaka 1725 alitoroka na mwanasheria aliyemwahidi ndoa, akarudi bila ndoa na akiwa na mimba. Baba yake akamwoza haraka kwa fundi wa mabomba, mtu wa pombe ambaye hakuwa na la kuzungumza naye. Watoto aliozaa walikufa wachanga. Aliandika barua za kuomba msamaha, na mzee hakulegea mpaka kaburini. John alisimama mimbarini katika kijiji jirani cha Wroot akahubiri juu ya kuwahurumia waliokosea, na baba akajua anasemwa yeye, akakasirika. Mnakumbuka nilisema tuweke akilini jinsi Dkt. Annesley alivyompokea binti aliyekwenda kinyume chake? Hetty hakupata baba wa namna hiyo. Na yule mama aliyemshinda mume wake kwa barua juu ya ibada ya jikoni hakumshinda kwa hili. Siwezi kulipamba.

Samuel alifariki Aprili 1735. Siku ile ile ya mazishi, mwenye shamba walilokodisha alikuja akashika mifugo yote kwa deni la pauni 15 na kitu. John akaweka ahadi ya kulipa ndipo mama akapumua. Tangu hapo Susanna hakuwa na nyumba yake. Alikaa kwa Emily, akakaa kwa mwanawe Samuel, akakaa kwa Patty na yule Hall. Mwaka huo huo John na Charles walitaka kwenda Georgia, Marekani, kama wamishonari, wakamwogopa mama yao mjane. Inasimuliwa kwamba aliwaambia hata angekuwa na wana 20 angefurahi wote waende, ingawa asingewaona tena. Walirudi wameshindwa. Ni Mei 1738, London, ndipo wote wawili, wakipishana siku tatu, walipopata uhakika wa wokovu, na moto ukawaka. Moto huo ulifika mpaka kwetu. Mwaka 1862 wamishonari wa Kimethodisti walianzisha kituo Ribe, juu ya Mombasa, na sisi Wapentekoste tukifuata ukoo wetu nyuma tunapita kwa akina Wesley. Nyimbo alizotunga Charles ni zaidi ya 6,000. Krismasi yako hujawahi kuimaliza bila yeye.

Mama yao alihamia London kukaa na John kwenye jengo la zamani la kuyeyushia mizinga, lililogeuzwa kuwa kanisa. Mwaka 1739, akiwa na miaka 70, alimweleza John jambo lililomtokea kwenye Meza ya Bwana. Alipokuwa akipewa kikombe, maneno kwamba damu ya Kristo ilimwagika kwa ajili yake yalimpenya, akajua dhambi zake zimesamehewa, zake yeye. Miaka yote ile ya maombi mara tatu kwa siku, na hakuwahi kujua hivyo. Aliyemshikia kikombe ni mkwe wake, yule yule Hall.

Na bado alikuwa na kazi. John aliposikia kwamba Thomas Maxfield, mtu asiye kasisi, ameanza kuhubiri, alirudi London kwa hasira amkomeshe. Mama akamwonya aangalie anachofanya, kwani huyo kijana ameitwa na Mungu kama yeye, amsikilize kwanza. John akamsikiliza, akanyamaza. Wahubiri wote wasio na kola waliokuja baadaye, sisi tukiwemo, tumepitia mlango huo.

Susanna alifariki Julai 1742. Alizikwa Bunhill Fields, makaburi ya wale waliokataa, watu wa upande wa baba yake, hapo alipozikwa pia John Bunyan. John alihubiri kutoka Ufunuo 20 mbele ya umati mkubwa sana.

Lakini nirudi nyuma kidogo, kwenye chumba alichofia. Kabla sauti haijakatika alikuwa amewaagiza watoto wake kwamba akishafunguliwa tu, wamwimbie Mungu zaburi ya sifa. Charles alikuwa mbali. Waliokuwepo, roho ilipotoka, wakasimama kukizunguka kitanda wakaimba kama alivyotaka: John, Emily, Sukey, Nancy, Patty, na Hetty.